Ningu Hakumalizwa na Sangara

Ukiuliza leo kwenye mialo ya Ziwa Victoria, kuanzia Mwanza na Musoma hadi Kisumu na Jinja, ningu amekwenda wapi, jibu utakalopewa mara nyingi ni moja: ameliwa na sangara. Jibu hilo limo katika mazungumzo ya wavuvi na wachuuzi, limo katika hotuba za viongozi, na limesambaa duniani kote tangu mwaka 2004, filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare ilipotoka. Mabishano yaliyofuata, pamoja na karipio la Rais Jakaya Kikwete mwaka 2006, yalihusu silaha, umaskini na sura ya nchi mbele ya wageni. Hadithi ya samaki mmoja aliyelimeza ziwa zima haikuguswa, na imekuwa kama jambo lisilohitaji ushahidi. Mimi nasema kwamba kwa upande wa ningu hadithi hiyo si kweli. Imekosea tarehe, imekosea mahali, na madhara yake ni makubwa kuliko kosa la kawaida la historia, kwa sababu inampa kila mwenye wajibu wa kumlinda samaki huyu kisingizio cha kukaa kimya. Kama sangara ndiye aliyemmaliza, basi yaliyopita yamepita na hakuna wa kulaumiwa ila wakoloni waliomleta. Kama ni sisi tuliommaliza, na tunaendelea kummaliza kila masika, basi tunaweza kuacha.

Ningu, ambaye kwa jina la kisayansi ni Labeo victorianus tangu George Albert Boulenger alipomwandika mwaka 1901, hapatikani popote duniani ila katika bonde la Ziwa Victoria. Si samaki mkubwa: wengi wanaovuliwa hawafiki sentimeta 30, na mkubwa wao hazidi sana 40. Mdomo wake uko chini ya kichwa na midomo yake ni minene, kwa maana yeye si mwindaji; hukwangua mwani na mabaki laini yaliyotanda juu ya mawe na matope. Sehemu ya maisha yake huipitisha ziwani, karibu na ufuko. Mvua za masika zinapoanza kujaza mito, na tena wakati wa vuli, hukusanyika kwenye milango ya mito na kuanza kupanda: Nzoia, Yala, Nyando, Sondu-Miriu, Kuja, Mara, Kagera, Sio. Majike huwa na matumbo yaliyojaa mayai. Geoffrey Fryer na Peter Whitehead, waliochunguza uzazi wake na kuchapisha matokeo mwaka 1959, walionyesha kwamba safari hii haiishii mtoni penyewe. Ningu huuacha mkondo na kuingia kwenye majani yaliyofunikwa na mafuriko kandokando ya mto, mahali ambapo wiki chache kabla mifugo ilikuwa ikilishwa. Hapo, kwenye maji ya kina kifupi yenye uvuguvugu, hutaga. Mayai huanguliwa upesi, kwa kuwa hayana budi: mafuriko yakirudi nyuma kabla kifaranga hajaweza kuogelea, hufia nyasini.

Maisha ya namna hii yana udhaifu mmoja mkubwa. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, na humo samaki anaweza kujificha pengi. Lakini ningu aliyekomaa hana njia ya kuzaa isipokuwa kwa kupita sehemu nyembamba mno, mlango wa mto, katika wiki zinazojulikana na kila mtu, akiwa ndani ya kundi kubwa na amebeba kizazi kijacho tumboni. Atakayetaka kummaliza hahitaji kumtafuta ziwani. Ya kutosha ni kuuziba mlango. Na hilo ndilo lililofanyika, tena kabla sangara hajawa na uzito wowote katika ziwa hili.

Tuzitazame tarehe, maana kesi nzima inasimama juu yake. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na samaki wa ziwa wakapata soko lililo mbali na ziwa. Mwaka 1905 nyavu za makila, zile zinazosimamishwa majini kama ukuta na kumnasa samaki kwenye matamvua, zililetwa katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo leo tunaiita Winam. Kufikia mwaka 1927 na 1928 hali ya ngege, samaki aliyekuwa akitegemewa kuliko wote, ilikuwa imezua wasiwasi kiasi kwamba Michael Graham alitumwa kulichunguza ziwa zima. Ripoti yake ya mwaka 1929 ilipendekeza nyavu zisiwe na macho yaliyo chini ya inchi 5. Kanuni hiyo ilipimwa kwa umbo pana la ngege. Haikumfikiria ningu, mwembamba anayepita kwenye macho hayo, ambaye mtu akimtaka lazima atumie wavu wa macho madogo zaidi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaja nyavu za nailoni, zisizooza, zisizoonekana vizuri majini na zenye kunasa kuliko zile za kitani na pamba. Mwaka 1956 Tanganyika na Uganda zikaiondoa kanuni ya inchi 5, na Kenya ikafuata mwaka 1961. Kuanzia hapo wavu wa macho madogo mbele ya mlango wa mto ulikuwa halali kwa pande zote tatu.

Matokeo hayakuchelewa. Mwaka 1965 mtaalamu wa uvuvi aliyeitwa Cadwalladr alichapisha makala kuhusu kuporomoka kwa uvuvi wa ningu katika Ziwa Victoria, na kuhusu jinsi mitego ya asili ya Mto Nzoia ilivyokuwa ikififia pamoja na samaki wenyewe. Alizinyooshea kidole nyavu zilizotegwa kwenye milango ya mito na kuwanasa majike kabla hawajataga. Mwaka huo sangara alikuwa wapi? Ipo dalili kwamba wa kwanza waliingizwa upande wa Uganda mwaka 1954, na upandikizaji rasmi, kwa sangara waliotolewa Ziwa Albert, ulifanyika mwaka 1962 na 1963. Fryer aliupinga mpango huo hadharani mwaka 1960. Lakini kwa miaka mingi sangara walikuwa wachache. Mlipuko wao ulianza kuonekana upande wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Ghuba ya Mwanza miaka michache baadaye. Kwa hiyo kati ya mwaka ambao anguko la ningu liliandikwa kwenye jarida la kisayansi na miaka ambayo sangara alilitawala ziwa, kuna takriban miaka 15 hadi 20. Mshtakiwa hawezi kutiwa hatiani kwa mauaji yaliyotokea kabla hajafika mjini kwa nguvu zake.

Wapo watakaosema kwamba tarehe peke yake haitoshi, kwani huenda ningu alipungua mara mbili: kwanza kwa nyavu, kisha sangara akamalizia. Ni pingamizi la haki, na jibu lake linapatikana kwa kuwalinganisha samaki waliokumbwa na sangara yuleyule. Mtazame dagaa, anayeitwa omena upande wa Kenya na mukene Uganda. Ni mdogo kuliko ningu, hana miiba ya kumtisha adui, anaishi katika maji yaleyale ya ziwa, na sangara humla kwa wingi. Kama ukali wa sangara ndio uliokuwa ukiamua nani abaki na nani aondoke, dagaa angekuwa wa kwanza kwenda. Badala yake ndiye anayeongoza kwa uzito wa samaki wanaovuliwa ziwani leo. Anazaa ziwani humohumo, anakua upesi, na hana mlango wa kupitia. Upande wa pili mtazame kuyu, samaki wa mtoni mwenye mwili mkubwa na nguvu kuliko ningu, ambaye naye hupanda mito kuzaa. Amepungua, ingawa ukubwa wake ungemkinga zaidi dhidi ya mwindaji. Kinachowaunganisha ningu na kuyu ni safari ya mtoni. Kinachomtenga dagaa nao ni kwamba hana safari hiyo.

Mahali napo panatoa ushahidi. Ningu waliosalia leo wanajulikana zaidi katika mito na karibu na milango yake: mtaalamu wa Uganda, Justus Rutaisire, na mwenzake Booth waliweza kuchunguza uzazi wa ningu wa Kagera na Sio na kuchapisha matokeo yao mwaka 2005, yaani takriban miongo miwili baada ya sangara kujaa ziwani. Samaki anayedhaniwa kumezwa wote alikuwa bado anapanda mto na kutaga. Mto usioharibiwa sana, wenye mabonde ya mafuriko na mafunjo yake, bado unamtunza, sangara awepo au asiwepo ziwani. Mto uliozibwa, uliochafuliwa au uliotengwa na uwanda wake haumtunzi, hata kama sangara angeondolewa kesho asubuhi.

Hapa lazima nimpe sangara haki yake yote, kwa sababu hoja inayokataa ukweli ulio wazi haifai kusikilizwa. Sangara aliwaangamiza furu, samaki wadogo wa aina nyingi wa ziwa hili. Watafiti wa Kiholanzi na Kitanzania waliokuwa Mwanza miaka ya 1970 na 1980 waliwaona furu wakipotea kwenye nyavu zao za utafiti huku sangara wakiongezeka, na inakadiriwa kwamba mamia ya aina zilitoweka au kubaki chache mno. Huo ni msiba mkubwa katika historia ya viumbe, na waliompandikiza sangara licha ya kuonywa wanastahili lawama yake. Lakini hata huko, kwenye kesi yake iliyo nzito kuliko zote, sangara hakuwa peke yake: meli za kukokota nyavu zilikuwa zikiwavua furu wa Ghuba ya Mwanza kwa ajili ya kiwanda cha unga wa samaki tangu miaka ya 1970, na maji yaliyokuwa yakifanywa mazito na udongo na mbolea kutoka mashambani yaliwaharibia furu uwezo wa kuonana na kuchaguana wakati wa kuzaana. Kukiri kwamba sangara aliwala furu hakumfanyi kuwa mlaji wa kila samaki aliyepungua. Kesi mbili tofauti hazihukumiwi kwa ushahidi wa moja.

Pingamizi la pili linatoka kwa wale wanaoipenda mila, nami naliheshimu. Wanauliza: si babu zetu pia waliwavua ningu wakipanda mto? Mbona samaki hakuisha? Ni kweli kwamba waliwavua, tena kwa wingi. Jamii za kando ya Nzoia, Yala na mito mingine zilijenga nyuzio za miti na matete kukata mto, zikaacha mapengo na kutega migono humo. Lakini uzio wa matete una mipaka yake. Mafuriko makubwa huupita juu au huubomoa, na mafuriko makubwa ndiyo hasa yanayowaleta ningu wengi. Uzio una mwenyewe anayejulikana, umejengwa mahali panapojulikana, na jirani wa juu ya mto hulalamika akiona hapati kitu. Tena ulikuwa mtoni, mahali ambapo samaki walikuwa tayari wametawanyika wakielekea kwenye majani ya kutagia. Wavu wa nailoni mbele ya mlango hauna kizuizi chochote kati ya hivyo. Unatandazwa mmoja baada ya mwingine, usiku kucha, na aliyeutandaza hahitaji kumjua mtu yeyote aliye juu ya mto. Ndiyo maana makala ya Cadwalladr ilisimulia kufifia kwa mitego ya asili sambamba na kupungua kwa samaki: mitego ilikufa kwa kukosa wa kumnasa, na ujuzi wa vizazi vingi ukaondoka nayo. Mkulima mwenye akili hali mbegu. Uvuvi wa mlangoni ulikula mbegu, na wenye nyuzio wa juu ya mto ndio waliobaki na shamba tupu.

Nyavu zilianza kazi, lakini wenye kuimaliza ni wengi, na hakuna hata mmoja wao aliye na magamba. Uwanda wa mafuriko ndio chumba cha uzazi cha ningu, na tumekuwa tukiufunga. Katika bwawa la Yala, lenye ukubwa wa takriban hekta 17,500, hekta kama 2,300 zilikaushwa tayari katika miaka ya 1960 ili zilimwe, na hamu ya kukausha zaidi haijawahi kuisha. Chini ya Nzoia, Budalang'i, kingo za udongo zilijengwa kuzuia mafuriko yasiwafikie watu. Nia ilikuwa njema, na hakuna mwenye moyo anayeweza kuwatakia watu mafuriko. Hata hivyo matokeo yake kwa samaki ni kwamba mto umetenganishwa na majani uliyokuwa ukiyafunika. Katika Sondu-Miriu, maji huchepushwa kwenye handaki kwenda kuzungusha mitambo ya umeme ya megawati 60, na kipande cha mto kilichorukwa hubaki na maji kidogo. Watafiti Ochumba na Manyala walikuwa wamekwisha kuchapisha mwaka 1992, kabla ya mradi huo kujengwa, utafiti kuhusu samaki wanaoupanda mto huo na uvuvi wake, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakujulishwa. Ongeza ukataji wa miti milimani, mashamba yanayolimwa hadi kwenye ukingo, uchimbaji wa mchanga na maji taka ya viwanda, na utaona kwamba ningu anayefanikiwa kuupita wavu hukuta mto uliojaa tope, usio na mahali pa kutagia. Sangara hajawahi kujenga tuta wala kuchimba mchanga.

Sasa tufike kwenye swali la kwa nini hadithi ya sangara inapendwa hivi. Nadhani ni kwa sababu inampunguzia kila mtu mzigo. Wizara inayohusika na uvuvi inasema tatizo lilianza na wakoloni. Mamlaka za mabonde ya maji zinasema samaki si kazi yao. Mwekezaji wa kilimo anasema ningu alishatoweka kabla hajaja. Mvuvi wa mlangoni anasema nyavu zake haziwezi kulinganishwa na mdomo wa sangara. Na wakati huohuo, sera nzima ya uvuvi wa ziwa imejengwa kumlinda sangara mwenyewe. Nchi za ziwa zilikubaliana kwamba sangara wa kuvuliwa awe kati ya sentimeta 50 na 85. Tanzania ilipoanzisha kampeni kali dhidi ya uvuvi haramu mwaka 2018, ikachoma nyavu za timba na makokoro, kampeni hiyo iliitwa Operesheni Sangara. Siilaumu serikali kwa kulinda samaki anayeleta fedha za kigeni. Ninachokiona ni kwamba vyombo vya dola vina uwezo wa kupima samaki kwa rula, kukagua nyavu na kufika mwaloni usiku pale vinapotaka. Uwezo upo. Ukosefu wa uwezo haupaswi kutajwa tena inapofika zamu ya ningu.

Wengine watasema: hata tukikubali yote hayo, wataalamu wameshajifunza kumzalisha ningu, kwa nini tusimfuge mabwawani tukawaacha wavuvi na wakulima waendelee? Ni kweli kwamba Rutaisire na Booth walieleza mwaka 2004 jinsi ya kumchochea ningu atage na kuangua mayai yake katika mazingira ya kufugwa, na hiyo ni kazi ya kujivunia, iliyofanywa na mtaalamu wa hapahapa juu ya samaki wa hapahapa. Bwawa linaweza kutoa nyama na linaweza kutoa vifaranga vya kurudishia mtoni. Lakini kifaranga aliyerudishwa kwenye mto ambao mlango wake umezibwa kwa nyavu ni chakula cha nyavu hizo. Isitoshe, ningu wa Kagera na ningu wa Nzoia wamekuwa wakirudi kwenye mito iliyo mbali sana mmoja na mwingine kwa vizazi visivyohesabika; kuwachukua wazazi wachache wa mto mmoja, kuwazalisha na kuwasambaza kila mahali kunaweza kufuta tofauti ambazo hatujamaliza hata kuzisoma. Ufugaji ni bima na ni msaada. Hauwezi kuwa badala ya mto.

Pingamizi zito kuliko yote ni la njaa, na halistahili kujibiwa kwa haraka. Mvuvi wa mlangoni ana watoto wa kulisha, na wiki za mvua ndizo wiki za samaki wengi. Kumwambia aondoe wavu ni kumnyang'anya mlo. Lakini tujiulize mlo wa nani. Ningu alikuwa na sifa ambayo sangara hana: aliichukua rutuba ya ziwa na kuipeleka kilomita nyingi bara, kwenye vijiji ambavyo havina mtumbwi wala mwalo, akafika mwenyewe bila barafu, bila lori na bila dalali. Sangara hufanya kinyume. Minofu yake huondoka kwa ndege kwenda Ulaya na kwingineko, na wakazi wengi wa ziwa hubaki kununua vichwa na mifupa. Wavu mmoja mlangoni unampa mlo mtu mmoja kwa kuwanyima wale wote walio juu ya mto, na mwaka unaofuata unamnyima hata yeye. Anayewatetea maskini kwa kuutetea wavu wa mlangoni anatetea maskini wachache wa leo dhidi ya maskini wengi wa mwaka kesho, wakiwamo haohao.

Tena kinachoombwa ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Hakuna anayependekeza ziwa lifungwe. Mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na jambo lililoonekana haliwezekani likawezekana. Kenya nayo imezoea kufunga uvuvi wa omena kwa miezi kadhaa ya mwaka. Kwa ningu, kinachohitajika ni kipande cha maji mbele ya kila mlango wa mto na sehemu ya chini ya mto wenyewe, kwa wiki za kupanda na kushuka, masika na vuli. Eneo hilo ni dogo sana ukililinganisha na ziwa, na muda huo ni mfupi ukiulinganisha na mwaka. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, BMU, tayari vipo kwenye mialo. Vinachokosa ni amri iliyo wazi, maboya yanayoonyesha mpaka, na fidia kwa wale wachache ambao riziki yao yote iko mlangoni. Fidia hiyo ilipwe kutokana na ushuru unaotozwa kwa samaki wa ziwa hilihili. Jumuiya za juu ya mto, zilizopoteza samaki bila kuulizwa, zipewe kiti katika maamuzi hayo, kwa kuwa mpaka sasa uvuvi wa ziwa umekuwa ukijadiliwa kana kwamba ziwa halina mito.

Atakayesema kwamba samaki mdogo kiasi hiki hastahili taabu yote hiyo, na aitazame orodha ya shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, ambako ningu amewekwa kwenye daraja la walio hatarini mno kutoweka, hatua moja tu kabla ya kupotea porini. Samaki asiyepatikana penginepo duniani akitoweka hapa, ametoweka basi. Hakuna ziwa lingine la kwenda kumwazima. Na kinachomrudisha ningu kinarudisha mengine mengi: mto wenye maji safi, mafunjo yanayochuja tope kabla halijafika ziwani, uwanda unaopokea mafuriko badala ya kuyasukuma kwenye nyumba za watu wa chini. Anayelinda njia ya ningu analinda pia kuyu na samaki wengine wote wanaopanda mto, na analinda maji ya kunywa ya binadamu. Ni nadra kupata hatua moja yenye faida nyingi hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Basi tuache kumsingizia sangara katika kesi hii. Ana makosa yake, na historia imeyaandika. Lakini ningu alianza kuangamia kwenye mlango wa mto, kwa nyavu zilizoruhusiwa na sheria, na ameendelea kuangamia kwenye uwanda uliokaushwa na mto uliochepushwa kwa vibali vilivyotiwa saini. Sheria iliyoruhusu inaweza kukataza, na kibali kilichotolewa kinaweza kuwekewa masharti. Nchi tatu za ziwa zina shirika la pamoja la uvuvi tangu mwaka 1994. Jambo la kwanza linalopaswa kuwekwa mezani pake ni kalenda ya kufunga milango ya mito wakati wa masika na vuli, mto kwa mto, pamoja na jina la ofisi itakayowajibika kwa kila mmoja. Mpaka kalenda hiyo itakapokuwapo, kila anayesema ningu ameliwa na sangara anapaswa kuulizwa ni nyavu za nani zilizo mlangoni pa mto wake msimu huu, na ni nani aliyeziruhusu.